Kungojea Waridi Darajani

Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya vitakuambia upande mawaridi wakati miti imelala kwa baridi, kisha ungoje majira ya kuchipua ndipo yachanue. Ushauri huo unawafaa wenye theluji. Sisi wa Unguja tuna masika kuanzia Machi hadi Mei, kipupwe cha katikati ya mwaka, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na joto la kaskazi linalofuata. Mama wa huku akishapanda mwaridi wake, angoje nini? Jibu nililipata Darajani, kwa akina mama wanaouza maua.

Wageni wengi wanaijua Darajani kwa soko lake lililojengwa mwaka 1904. Humo utapata samaki, nyama, ndizi na viungo vya pilau, na nje yake maduka ya khanga na vyombo. Jina lenyewe limetokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yale yalifukiwa na daraja halipo tena, lakini jina limebaki. Sisi tunaosali Kanisa Kuu la Mkunazini, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, tunafika Darajani kwa mwendo wa dakika chache tu. Ndiyo sababu nilizoea kupita huko kila nilipotaka maua ya altare.

Wauzaji wa maua hawana meza. Huketi chini, na mbele yao sinia lililofunikwa kitambaa kibichi. Ukifunua kitambaa, utakuta asumini zilizotungwa kwa uzi, mrihani, mkadi, vilua kwa msimu wake, na mawaridi madogo ya rangi ya waridi iliyokolea. Vitu hivyo hufungwa pamoja vikawa kikuba, ambacho mwanamke hukibandika kwenye nywele au kifuani, na bibi harusi hakikosi. Harusi zikiwa nyingi kabla ya Ramadhani, na wakati wa Maulidi katika Mfungo Sita, sinia huwa tupu kabla jua halijawa kali.

"Shikamoo bibi," nilimsalimia muuzaji mmoja mtu mzima.

"Marahaba mwanangu. Mawaridi yamekwisha. Kesho uje mapema, waridi halingoji jua."

Alinieleza kwamba waridi huchumwa alfajiri lingali na umande, maana joto la mchana huondoa harufu yake. Waridi la Unguja si kubwa kama yale ya Naivasha au Arusha. Kule ni nyanda za juu, na usiku wa baridi hulifanya ua likue polepole na kunenepa. Hapa tuko usawa wa bahari, na ua hufunguka haraka na kupukutika haraka. Lakini kwa kikuba watu hununua harufu, na petali chache zenye harufu nzuri zinatosha.

Ubavuni mwa bibi huyo huketi mama mmoja wa makamo, mjane, mwenye watoto watatu wanaosoma. Kila alfajiri alikuwa akinunua maua kwa watu wa shamba na kuyauza kwa faida ndogo. Siku ambazo mawaridi yalipanda bei, alirudi nyumbani na nauli tu. Basi mwanzoni mwa vuli akaamua kupanda miwaridi sita ya kwake. Aliponikaribisha kwao Ng'ambo, nilikubali kwa furaha, nikawa ninakwenda kila baada ya wiki chache.

Uani kwake udongo ni wa mawe ya matumbawe. Udongo wa namna hiyo una chokaa nyingi, na mwaridi ukipandwa humo majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kwa kuwa mizizi haiwezi kuvuta madini ya chuma ipasavyo. Yeye alilijua jambo hilo kwa macho, bila kitabu. Alikusanya madebe makuukuu, akayatoboa chini ili maji yasituame, akaagiza udongo mwekundu wa kinongo kutoka mashamba ya magharibi ya kisiwa. Akauchanganya na samadi iliyooza vizuri. Kisha akachomeka vipande vya matawi yenye unene wa penseli, akavifunika kwa kivuli cha makuti.

Vipande vilipata mizizi katika mwezi wa pili. Kufika Januari, kila debe lilikuwa na machipukizi mekundu, na ncha za machipukizi zilikuwa na matumba.

Hapo ndipo ulipokuja mtihani. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na watoto watatu walihitaji daftari, viatu na sare. Bibi wa sokoni alimshauri ayakate matumba yote ya kwanza na kuyatupa. "Mwenzangu, yakate. Mti mchanga ukichanua, nguvu zote zinakwenda kwenye ua, mizizi inabaki na njaa." Ushauri huo ni wa kweli, na wakulima wa mawaridi duniani kote wanaufuata. Lakini ni rahisi kuutoa kuliko kuupokea, wakati mtoto amesimama mlangoni anauliza lini atapata viatu.

Nilimwona mama yule akizunguka madebe yake jioni ile. Alishika tumba moja, akaliacha. Mwishowe akachukua mkasi, akakata matumba ya miwaridi minne, akayaacha ya miwaridi miwili. "Hii miwili ni ya shule," akaniambia. "Ile minne ni ya mwakani." Sikuwa na neno la kuongeza.

Siku nyingine alinionyesha chupa ya marashi aliyoletewa na ndugu yake anayeishi Oman. Familia nyingi za Unguja zina jamaa huko. Marashi yale yanatoka Jabal Akhdar, milima inayofikia kama mita 3,000 juu ya bahari. Huko baridi ipo kweli, na miwaridi hulala. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei mabonde hujaa mawaridi, na watu huyachuma asubuhi na mapema. Petali huwekwa kwenye chungu juu ya moto, mvuke hupanda ukagusa bakuli la shaba lenye maji baridi, kisha hudondoka kuwa marashi. Mavuno ni hayo tu mpaka mwaka ujao. Mtu wa Jabal Akhdar huongozwa na majira, naye hungoja.

Kwetu mti haulazwi na baridi, kwa hiyo mama mwenyewe ndiye anayeupumzisha. Hupogoa matawi dhaifu, na tawi zuri hulikata kidogo juu ya jicho linalotazama nje. Kisha humwagia maji shinani, huongeza samadi, na kuhesabu wiki. Mwaridi uliopogolewa vizuri katika joto letu huchanua tena baada ya wiki sita hadi nane hivi. Maana yake ni kwamba mama akijua tarehe ya harusi, anaweza kurudi nyuma miezi miwili na kuchagua siku ya kupogoa. Yule mama aliitia alama siku hiyo kwenye kalenda ya ukutani, karibu na tarehe za mitihani ya watoto.

Masika yalikuwa magumu. Mvua ikinyesha mfululizo, majani ya mwaridi huota madoa meusi, kisha hugeuka manjano na kuanguka. Aliyaokota yote na kuyachoma, kwa sababu ugonjwa hukaa ndani ya majani yaliyoanguka. Aliyatenganisha madebe ili upepo upite, na akamwagilia asubuhi tu, udongoni, bila kulowesha majani. Mwezi Mei miwaridi yote sita ilikuwa karibu uchi, na majirani walimwambia imekufa.

Kipupwe kilipoingia, yeye akaipogoa. Mwezi Agosti ile minne ilifika kiunoni na kuchanua mashada. Ile miwili ya shule ilikuwa mifupi na ilichelewa karibu mwezi mzima, lakini nayo ilichanua. Sasa huchuma mawaridi yake mwenyewe alfajiri, na siku za harusi huwauzia na wenzake. Hajatajirika. Ila bei ya mawaridi ikipanda, sasa anafurahi.

Akina mama wenzangu, mwenye debe bovu na kona yenye jua la saa sita kwa siku anaweza kujaribu. Anza na vuli, au mwisho wa masika mvua zinapopungua. Tumia udongo mwekundu, si ule wa matumbawe. Matumba ya kwanza yakate kama unaweza. Kama nyumba ina shida, kata ya baadhi ya miti na uiache mingine ichanue, wala usijilaumu. Ule mti ulioutumia mapema utauongezea samadi na kuupa muda zaidi.