Tluway liandikwe mwanzo

Dongobesh, Mbulu

Mjukuu wangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako. Unauliza kama mtoto aitwe Tluway, na kama jina hilo liwe la katikati tu ili asisumbuke shuleni huko Dodoma. Nakujibu kwa urefu, maana jambo hili liko moyoni mwangu.

Mwanao kazaliwa mvua ikinyesha. Kwetu Wairaqw hilo linatosha. Tluway ni mvua, na mtoto wa kiume aliyekuja nayo huitwa hivyo, kama anavyoitwa Bura aliyezaliwa nyumbani kukiwa na pombe, au Safari aliyezaliwa watu wakiwa njiani. Lakini mvua ina uzito kuliko hayo mengine. Wazee wanaposimama kutoa slufay, ile dua ndefu ya kubariki nchi, humwomba Looaa, Mungu wetu, mvua, na mengine yote, nyasi, maziwa, watoto, huja nyuma yake. Mtoto huyo utakuwa umemwita kwa kitu ambacho wazee wake wamekiomba tangu enzi za Irqwa Da'aw, nchi yetu ya asili, kabla hatujasambaa kufika Karatu na Hanang.

Sasa kwa nini siku hizi humsikii mtoto mdogo akiitwa Tluway? Sisi tulibatizwa chini ya sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyomtaka padre ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo. Wazazi wasipokubali, aliongeza mwenyewe jina la mtakatifu. Tukarudi nyumbani na majina mawili, moja la daftari na moja la mama. Kwa Walutheri nao majina ya Biblia yakaenea. La mama hakuna aliyelikataza. Lilisukumwa nyuma tu, na huko nyuma ndiko linakopotelea.

Angalia karatasi zetu: jina lako, la baba, la babu. Paulo Tluway akimzaa Daniel, mtoto ni Daniel Paulo Tluway. Daniel akimzaa Emanuel, anaandikwa Emanuel Daniel Paulo. Vizazi viwili tu, mvua imekwisha kutoka. Jina hilo limesalia kwa zile familia zilizolifanya la ukoo, na huko nako linabaki mwishoni, hakuna mtoto anayeitwa kwalo. Ndiyo maana sikubaliani na hilo la katikati.

Jirani zetu Wadatoga wa Hanang wamenifundisha jambo hapa. Wavulana wao majina huanza na Gida, wasichana na Uda, na wengi hawakuyasogeza nyuma. Mwaka 1978 kule Edmonton, Kanada, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola alikuwa Gidamis Shahanga. Mwaka 1982 huko Brisbane akashinda mita 10,000. Mara zote mbili jina la kwao ndilo lililotangulia, na halikumzuia kufika. Mwalimu wa Dodoma anayeweza kutamka jina la Kisukuma kama Ng'wanamalundi ataweza na Tluway, akisahihishwa kwa upole mara chache.

Kuhusu ubatizo usiwe na wasiwasi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inakataza tu jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Mvua inapatana. Padre akiuliza, mwambie hivyo kwa heshima.

Jambo zito ni lile uliloliandika mwishoni, kama vile hukutaka nilione. Mkeo ni wa Katesh. Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023 mvua iliporomosha tope na mawe kutoka mlima Hanang, yakapita Gendabi na Jorodom mpaka mjini, wakafa watu zaidi ya 80. Anasema jina hilo hawezi kulitamka mbele ya mama yake. Mjukuu wangu, usimjibu kwa mila. Mimi mwenyewe sina jibu la kumpa mtu aliyechimbua jirani yake kwenye tope. Ninachojua ni kwamba Katesh nao walipanda tena msimu uliofuata, wakaitazamia mvua ileile. Lakini hilo waliseme wao, si mimi wala wewe.

Kwa hiyo usiende RITA kuchukua cheti cha kuzaliwa kabla wakwe zako hawajaulizwa. Wakikataa, mtafute jina lingine la kwetu au la kwao, nalo liandikwe mwanzo vilevile. Wakikubali, andika mwenyewe kwa herufi kubwa, T, L, U, W, A, Y, kisha usome cheti palepale kaunta; wengine wamerudi na Tuluway, na kusahihisha ni kazi.

Nitakusindikiza Katesh mimi mwenyewe. Chagua Jumamosi, utume ujumbe kwa simu ya baba yako, na umwambie mkeo nakuja kusikiliza.

Babu yako