Mwakinyo, Kiduku na drafti la Njiro

Kijiweni kwetu Njiro, ukitaka ugomvi ulikuwa unataja tu Hassan Mwakinyo. Kambi moja: jamaa mjanja, Septemba 2018 alimtwanga Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, acha afuate wageni, ndiko kwenye hela na jina. Kambi ya pili, yangu mimi: mbona na Twaha Kiduku wa Morogoro hawapigani?

Mwaka 2022 Liam Smith akammaliza Mwakinyo raundi ya nne, Liverpool. Nikachonga wee, hadi mshikaji wangu akaniuliza: “Na wewe mbona drafti unacheza na wapita njia tu, mimi hunitaki?”

Kijiwe kizima kicheko. Mimi kimya, maana kanigusa. Mpita njia akinifunga, anapanda daladala anapotea. Huyu akinifunga, nakutana naye kila asubuhi dukani. Smith alibaki kwao Uingereza. Kiduku angebaki hapa hapa.

Nilimwelewa Mwakinyo, jamani. Lakini kumwelewa mtu siyo kumpa haki. Nikapanga kete, nikamwambia mshikaji: kaa.

Kanifunga tatu bila. Kesho yake dukani kaniamkia: “Shikamoo, bondia!”