Prosesa inayozimia ikipumzika

Kimya changu kina sababu: UE ziliisha, nikaenda nyumbani likizo fupi, nikakuta kesi. Kompyuta ya bi mkubwa inaganda. Msicheke, maana ndiyo anayochapia wasifu, barua na ripoti za watu, na bumu likichelewa ndiyo inayonilisha huku kampasi. Mteja mmoja alishapoteza kurasa kumi na mbili. Fundi wa mtaani kasema prosesa imekufa, inunuliwe mashine nyingine. Bi mkubwa alikuwa ameshaanza kuulizia bei za mtumba.

Mie kilichonishangaza ni saa ya kuganda. Dogo akicheza gemu la mpira saa mbili mfululizo, haigandi. Bi mkubwa akiiacha akageuze maandazi, akirudi kipanya hakisogei. Hivi mgonjwa gani anakimbia vizuri halafu anazimia akikaa kitako?

Nikamuuliza dogo taratibu, bila kufoka, akasema. Aliiovakloki, yaani aliilazimisha prosesa ikimbie kuliko kasi iliyotoka nayo kiwandani. Prosesa yenyewe ni Intel Core 2 Duo E4300, toleo la mwaka 2007. Hesabu yake ni nyepesi: kasi ya msingi MHz 200, mara kizidishi 9, unapata 1,800. Dogo aliingia kwenye BIOS akapandisha ile 200 ikawa 266. Mara 9 ni 2,394. Kasi ya bure, gemu likawa laini.

Sasa humo ndani kuna SpeedStep, mpangilio wa kubana umeme. Kazi zikipungua, kizidishi kinashuka kutoka 9 hadi 6, na volti zinashuka pia. Kwa hesabu ya kiwandani, prosesa ikipumzika inakwenda 1,200. Kwa hesabu ya dogo, 266 mara 6 ni 1,596. Mnaona? Volti ni za kupumzikia, zilipangiwa 1,200, ila mwendo umezidi. Ni kama kumpa mtu uji wa mgonjwa halafu ukamkabidhi jembe.

Lakini kuhisi si kujua, ikabidi tupime. Kwanza tuliiacha 266, tukazima SpeedStep pamoja na mwenzake C1E, kwa sababu huyo naye hushusha kizidishi prosesa ikikosa kazi. CPU-Z ikaonyesha 9 muda wote. Tukaiacha usiku kucha bila kazi, asubuhi nzima. Pili tukaviwasha tena. Chai haijaiva, imeganda. Tatu tukarudisha 200 huku vyote viwili vimewashwa. Siku mbili, kimya, haikuganda hata mara moja. Kumbe prosesa haijafa wala nini.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Dogo anataka ibaki 2,394 bila kupumzika. Nikamwambia umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa kasi, na kwa mraba wa volti, yaani volti mara volti. Ukitoka volti 1.2 kwenda 1.3, umeongeza kama asilimia 17 kabla hata hujagusa kasi. Na LUKU hanunui yeye. Halafu barua ya kuomba kazi inasubiri vidole vya bi mkubwa, haisubiri prosesa.

Bi mkubwa hakutaka hesabu. Aliuliza moja tu: "Mwanangu, itanipotezea tena kazi ya mtu?" Nikamjibu, kwa sababu hii, hapana mama. "Basi irudi ilivyokuwa." Dogo akanuna mpaka usiku.

Ila sikupenda aitwe mharibifu, maana hesabu ya mara 9 aliijua vizuri, hakuna aliyewahi kumwambia habari ya volti. Nikamkalisha na daftari, akaandika mwenyewe mistari miwili, wa 9 na wa 6. Alipofika 1,596 akasimamisha kalamu, akasema "Aaah!" Mie mwalimu mtarajiwa, hiyo "Aaah" moja ilinipa moyo kuliko mihadhara ya muhula mzima.

Kwa hiyo wadau, kama ya kwako imeovaklokiwa na inaganda ikiwa imetulia tu, rudisha kasi ya kiwandani kwanza, uiangalie siku mbili, ndipo umlipe mtu. Na badilisha kitu kimoja kimoja, la sivyo hutajua kilichoponya.

Haya, foleni ya kafeteria inaniita. Tuonane wiki ijayo panapo majaliwa.