Mtwara: Vikundi vya ngoma vinaporudi jukwaani, mtoto anaona nini?

Maji yakipwa Msimbati, wanawake hushuka ufukweni na ndoo. Wanatembea mbali, mpaka mtu aliyebaki chini ya minazi anawaona kama vidoti, wanainama kutafuta chaza na pweza, na watoto wakubwa wanafuata nyuma na vijiti. Upande wa kusini mikoko inaanza kuwa mizito. Huko Mto Ruvuma unamwaga maji yake baharini, na ng'ambo ni Msumbiji. Eneo lote hili liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Mgeni akipita hapo asubuhi hawezi kujua nani ni msanii. Mama anayesuuza ndoo yake anaweza kuwa ndiye mwimbishaji anayengojwa kijiji kizima. Kijana anayeshona nyavu pembeni anaweza kuwa ndiye mpigaji ambaye akikosekana, ngoma hailiki.

Kikundi cha ngoma cha huku hakina ofisi, na ratiba ya mazoezi haibandikwi ukutani. Mvua zikianza, kila mtu anashika njia yake. Kuna wanaoshuka kwenye mpunga wa bonde la Ruvuma, kuna wanaokwenda kupalilia mikorosho na mihogo, na kuna wanaopanda basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 550, kutafuta vibarua. Ngoma zinaning'inizwa darini kwa mzee. Kwa miezi kadhaa, kikundi kilichojaza uwanja msimu uliopita hakipo kabisa.

Kisha mavuno yanaingia, korosho zinapelekwa ghalani, fedha kidogo zinaonekana mifukoni na watu wanaanza kuulizana nani yupo. Msimu wa korosho ndio pia ambao bendi za dansi kutoka Dar hufunga safari kuja kusini, maana wanajua kiingilio kitalipwa. Lakini kwa watu wa vijijini, bendi yao kwanza ni ile ya mama wa ndoo na kijana wa nyavu. Ikirudi uwanjani, watu wanaacha sufuria jikoni.

Mjini Mtwara kurudi huko kumepewa jukwaa. Shirika la ADEA, lenye makao yake hapa hapa, limekuwa likiandaa tamasha la ngoma za asili liitwalo MaKuYa. Jina limetokana na silabi za majina ya makabila matatu ya kusini: Wamakonde, Wamakua na Wayao. Wacheza ngoma ambao kwa kawaida wangeonekana kijijini kwao tu wanajikuta bega kwa bega na wenzao wa vijiji ambavyo hawajawahi kufika, mbele ya watu wa mjini, wanafunzi na wageni.

Kabla ya lolote, moto unawashwa. Ngoma zinasogezwa karibu ili ngozi ikaze, na mpigaji anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Watoto hupenda sehemu hii kuliko watu wazima wanavyodhani. Ngoma ndogo za Kimakonde zina mguu mmoja uliochongoka, unachomekwa ardhini, na mpigaji anazipiga kwa fimbo nyembamba mpaka sauti inakuwa kama mvua juu ya bati. Ngoma kubwa huingia baadaye na kuzijibu.

Pembeni muuza ming'oko amekwishafika. Ni mizizi ya porini inayochemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili, na mtoto wa Mtwara anaijua kabla hajajua chipsi.

Kisha wanawake wanaingia na kanga za sare, mstari mmoja, na mwimbishaji anarusha neno la kwanza. Umati unalidaka. Hapo ndipo mgeni anapoelewa kwamba watu hawakuja kutazama. Wanaujua wimbo huo tangu utotoni, na wamekaa mwaka mzima bila kuuimba pamoja.

Haichukui muda kabla mtu wa kwanza hajatoka kwenye umati na noti mkononi. Anacheza mpaka mbele, anaiweka kwenye paji la uso la mwimbishaji au anaichomeka kwenye kilemba, anarudi akicheza. Huko ndiko kutunza. Mwenye mia tano anatunza mia tano. Bibi asiye na kitu anavua kanga yake ya juu na kumvisha mchezaji. Noti hizo kwa vikundi vingi ndizo nauli ya kurudi nyumbani, ndizo ngozi mpya ya ngoma iliyopasuka, na mara nyingi ndizo mchango wa mwenzao aliyelazwa au aliyefiwa. Michango ya harusi na ya msiba siku hizi inapita kwenye makundi ya simu, inatajwa kwa majina na tarehe ya mwisho. Huku bado mtu anatoa huku anacheza, na hakuna anayejua vizuri nani ametoa kiasi gani.

Dunia nzima inajua tamasha la aina hiyo, ingawa kwa sura nyingine. Wazazi waliokuwa vijana miaka ya 1990 huenda wanalikumbuka la bendi ya Queen. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, akapewa jina Farrokh Bulsara. Alifariki dunia London Novemba 24, 1991, siku moja tu baada ya kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Aprili 20, 1992, wenzake watatu, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, walipanda tena jukwaani kwenye uwanja wa Wembley, mbele ya watu wapatao 72,000, na waimbaji wengine maarufu wakashika nafasi ya aliyeondoka. Fedha zilizopatikana zilianzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI unaoitwa Mercury Phoenix Trust.

Katikati ya gitaa na kelele, muziki ulisimama. Mwigizaji Elizabeth Taylor alipanda jukwaani na kuzungumza na vijana waliojaa uwanja kuhusu namna ya kujikinga. Wakati huo hapa Tanzania, ambako wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, familia nyingi bado ziliuita ugonjwa huo kwa majina ya kuzungukazunguka, na dawa za bure za kufubaza virusi zilikuwa hazijafika; hizo zilianza kutolewa mwaka 2004. Waandaaji wa Wembley walijua kwamba umati uliokuja kwa ajili ya wimbo unaweza kusikiliza na jambo gumu, mradi awepo mtu wa kulisema.

Ngoma za kusini zilijua hivyo zamani. Nyingi ya hizi zinazopandishwa jukwaani leo hazikutungwa kwa ajili ya jukwaa. Sindimba, ambayo baada ya uhuru ilisambazwa nchi nzima na vikundi vya taifa na shule mpaka ikawa kama kitambulisho cha Tanzania, ni ngoma ya Wamakonde inayohusiana na jando na unyago. Viuno vile vinavyowafanya watu wa mjini wacheke na kushika simu vilikuwa sehemu ya somo. Palikuwa na kungwi wa kueleza, na palikuwa na umri wa kuelezwa. Jukwaa limeichukua ngoma na kumwacha kungwi kijijini.

Hilo linaonekana wazi zaidi vinyago vinapoingia. Mchezaji amefunikwa nguo mwili mzima, kichwani amevaa kinyago cha mti mwepesi, na hakuna anayetakiwa kujua ni nani. Upande wa Tanzania wachezaji hawa huitwa midimu. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wamakonde wa Msumbiji, ni mapiko. Watoto wadogo hulia. Wakubwa kidogo hukimbia mita kumi, wanageuka, wanarudi tena kuchungulia.

Wamakonde wana pia kinyago cha mwili kiitwacho njorowe. Ni kipande cha mti kilichochongwa kifua na tumbo la mwanamke mjamzito, kitovu kimejitokeza, na pengine chale za urembo zimechorwa juu yake. Kinavaliwa na mwanamume. Anacheza akionyesha uzito wa mimba na uchungu wa kujifungua, polepole, mkono mmoja kiunoni, mbele ya vijana wanaotoka jandoni na unyagoni. Mifano mingi ya njorowe leo imo kwenye makumbusho ya Ulaya, nyuma ya kioo, ikisifiwa kwa uchongaji. Wachache wanaoitazama pale wanaambiwa kwamba kazi yake ilikuwa kumfanya mwanamume abebe tumbo hilo, walau kwa muda wa wimbo mmoja, mbele ya watu wote.

Kwa anayefuatilia habari za uzazi, ni vigumu kutazama njorowe bila kukumbuka takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya wajawazito na wazazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni hatua kubwa. Utafiti huo huo ulikuta kwamba wasichana 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwishazaa au ni wajawazito. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali, lakini mwili wake haujui lolote kuhusu waraka.

Hapo ndipo wazazi wa Mtwara wanapogawanyika. Wapo wasiotaka watoto wao waende unyagoni kabisa. Wanasema mtoto wa miaka minane au tisa anafundishwa mambo ya ndoa kabla hajamaliza hesabu za kugawanya, na anatoka akiambiwa amekua. Hoja hiyo ina uzito, na walimu wanaowapokea watoto baada ya likizo za Juni na Desemba wanaielewa. Wapo wengine wanaouliza: tukimwondoa kungwi, nani atasema naye? Baba anaona haya. Mama anasema atajua mwenyewe. Simu inasema kila kitu, bila mpangilio na bila adabu.

Kwa upande wa wavulana mambo yamesogea kimya kimya. Wamakonde, Wamakua na Wayao wametahiri watoto wao tangu zamani. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda na Afrika Kusini yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Serikali ilipoanza kampeni zake, nguvu ilipelekwa kwenye mikoa isiyo na jando. Huku haikuwa habari mpya. Kilichobadilika ni kisu. Familia nyingi sasa humpeleka mtoto kwanza hospitali au zahanati, akatahiriwa kwa ganzi na vifaa safi, kisha anaingia jandoni kwa mafunzo na nyimbo. Ngariba amepunguziwa kazi, na ngoma haikupungukiwa kitu.

Kwa wasichana suluhisho halijawa jepesi hivyo, kwa sababu hakuna kisu cha kubadilisha. Kuna maneno tu, na umri wa kuyasema. Wapo wazazi wanaokubaliana na makungwi kwamba mtoto mdogo afundishwe usafi, hedhi na heshima, na yaliyobaki yangoje. Wapo wanaoahirisha mpaka binti amalize darasa la saba. Mapatano hayo hufanywa barazani, kati ya mama na shangazi, mara nyingi kwa kununiana kwanza.

Jua linapoanza kushuka upande wa Mikindani, jukwaani vikundi vinapokezana haraka, kila kimoja kinataka kumaliza kabla ya giza. Baba mmoja amempandisha binti yake mabegani ili aone. Njorowe anapita, tumbo mbele, anayumba, anajishika kiuno, na umati unapiga vigelegele. Mtoto anainama sikioni mwa baba yake na kuuliza kama yule ni mwanamume au mwanamke.

Baba anasema ni mwanamume.

Sasa mbona ana mimba?

Baba anaangalia kushoto, anaangalia kulia, kana kwamba anamtafuta mtu wa kumsaidia. Mama yuko mbali kwenye ming'oko. Anamshusha binti, anachuchumaa mbele yake katikati ya zile kelele, na anaanza kueleza. Haisikiki anasema nini. Nyuma yao wapigaji wamerudisha ngoma motoni, ngozi zimelegea kwa unyevu wa bahari, na mwimbishaji wa Msimbati anahesabu noti kwenye pindo la kanga yake kuona kama nauli ya kikundi kizima imetimia.