Nasikitika Kukufahamisha

Ukisoma tangazo la serikali la nafasi ya katibu muhtasi, hata leo, utakuta sharti la hatimkato: Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika. Vijana wengi hulipita sharti hilo bila kujua linataka nini. Mimi hatimkato ndiyo iliyonilisha. Niliisomea Chuo cha Uhazili Tabora, nilikoshuka kwenye treni mwaka 1984 nikitokea Manyoni, cheti cha kidato cha nne mkononi na sanduku la bati kichwani.

Hatimkato ni kuandika sauti badala ya herufi. Kistari chembamba ni p. Kikolezee penseli, kinakuwa b. Irabu ni nukta na vikwaju, na mwandishi mwenye kasi huziacha. Hapo ndipo Kiswahili kinapokutoa jasho, maana pata, pita, pete na puta zote ni p na t. Usipojua kistari kikae wapi, kwenye mstari wa daftari, juu yake au kikiukata, utamsomea bosi barua ambayo hakuisema. Kwenye mashine za kupiga chapa tulifunikwa mikono kwa kitambaa, macho kwenye chati ukutani, mwalimu akipita nyuma na rula. Nilifaulu hatua ya tatu. Wakati huo mwenye cheti cha hatua ya tatu hakutafuta kazi, kazi ilimtafuta.

Iliyonipata mimi ilikuwa ya shirika moja la umma Dar es Salaam, mwaka 1986, kwenye jengo lenye lifti iliyofanya kazi siku za wageni. Nikawekwa chini ya Meneja Utumishi, mzee wa suti ya Kaunda ambaye hakupenda kuona karatasi iliyofutwafutwa. Kupiga stensili kulitaka adabu. Unaondoa utepe ili herufi zikate nta yenyewe. Ukigonga kwa hasira, o inatoboka na kudondoka. Ukigonga kwa woga, nakala inatoka hafifu. Ukikosea unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri ikauke, unagonga tena. Kisha unakwenda kwenye mashine ya kudurufu na unarudi na wino hadi kwenye kiwiko.

Mzee yule alikuwa na kanuni moja iliyotuchosha makatibu wote: kila aliyeomba kazi ajibiwe. Nafasi moja ya dereva ilituletea rundo la barua la kujaza meza, na kila barua ilipata jibu lake, lenye jina la mtu na sanduku lake la posta. Maneno yalikuwa yale yale. Nasikitika kukufahamisha kwamba ombi lako halikufanikiwa safari hii. Tunakutakia kila la heri. Tulimwomba tuyapige kwenye stensili mara moja, tuache nafasi ya jina tuijaze kwa kalamu. Akakataa. Alisema mtu aliyenunua stempu hajibiwi kwa karatasi ya matangazo.

Miaka ya tisini ilipoanza nchi ilikuwa na mashirika ya umma karibu 400, na serikali ikaamua kuyarekebisha, kuyauza au kuyafunga. Neno ubinafsishaji likaanza kusikika hata kwenye daladala. Ofisini kwetu makatibu tulijua kabla ya wakuu wa idara. Hakuna aliyetuambia. Tuliona tu kwamba kazi za siri zimeacha kupita mezani kwetu, kwamba orodha za watumishi zinaandikwa kwa mkono mlango ukiwa umefungwa, kisha zinapelekwa kupigwa chapa nje. Katibu muhtasi asiyepewa siri ameshakwisha kazi, amebakiza kuambiwa. Barua zilitoka 1996. Nikapewa kiinua mgongo, mshahara wa notisi, na nauli ya kunirudisha kwetu Manyoni pamoja na gharama ya mizigo. Nauli ile niliila hapa hapa Dar es Salaam. Manyoni ningempigia nani chapa?

Kutafuta kazi ni kazi isiyo na mshahara, na ina ofisi zake. Yangu ilikuwa Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa mwaka 1967, kwenye barabara inayoitwa leo Bibi Titi Mohamed. Magazeti yalisomwa bure kwa anayewahi. Asubuhi tulikuwa kundi, mashati yamepigwa pasi, kila mtu na daftari lake, na ukurasa wa matangazo ya kazi ulikuwa na foleni yake. Kulikuwa na bwana mmoja aliyewahi kuwa mhasibu; akishanakili tangazo alilikunja gazeti kwa uangalifu hata usijue alikuwa kwenye ukurasa gani. Mwingine alichana kabisa. Tuliishi naye hivyo hivyo.

Kisha zinafuata gharama. Vyeti vitolewe nakala, nakala zithibitishwe na wakili au hakimu, picha ndogo, bahasha ya kaki, stempu. Barua iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, matangazo yalisisitiza, hata pale ambapo kazi inayoombwa ni ya kupiga chapa! Anwani nilitumia sanduku la posta la kazini kwa shemeji yangu, na simu nilitoa namba ya duka la jirani pale Magomeni. Jioni nilipita kwa shemeji.

"Shem, kuna barua?"

"Hamna, shem. Labda kesho."

Tukafika mahali akawa ananitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo, na dada yangu anageuza mazungumzo, ananiuliza habari za watoto.

Kukataliwa kunauma, lakini kunakwisha. Kimya hakikwishi. Unajiambia labda mkurugenzi amesafiri, labda barua imekwama posta, labda wanasubiri bajeti. Kazi nyingine unaziomba kwa mkono mmoja, kwa sababu ile ya kwanza bado iko hai moyoni. Nimewaona watu wazima maktaba wakiacha tangazo zuri lipite kwa kuwa kuna mahali "wanasubiri kusikia". Mzee wa suti ya Kaunda alikuwa anatutesa sisi makatibu, lakini waombaji wake walilala wakijua moja.

Halafu kulikuwa na vimemo. Kipande cha karatasi kilichoandikwa kwamba mwenye hiki ni ndugu yangu, msaidie, kilifungua milango ambayo cheti changu kilibisha hodi mpaka kikachakaa. Na mimi nikakihangaikia cha kwangu, nikakipata kwa mjomba wa rafiki yangu, mtu mzito wakati ule. Nilipokipeleka, bwana aliyekipokea alikisoma, akavuta droo ya meza yake ili nione. Ilikuwa imejaa vimemo mpaka haifungi. Akaongeza na changu.

Nilipoitwa kwenye usaili nilikuta swali limebadilika. Kasi yangu haikumhusu mtu. Waliuliza, "Unajua kompyuta?" Nikasema najifunza, na nikaenda kujifunza kweli, Mnazi Mmoja, kwenye chumba chenye feni moja na vijana walioniamkia kabla ya kila kipindi. Tulifundishwa WordPerfect, skrini ya buluu, amri za kukariri. Nilipohitimu, ofisi zilikuwa zinahamia Windows, ikabidi nilipe ada upya. Matangazo nayo yakaongeza masharti: asizidi miaka 35, awe na mvuto. Kwenye usaili mmoja wa kazi ya karani niliulizwa nina watoto wangapi na nani atabaki nao wakiugua. Aliyetoka kabla yangu alikuwa mwanamume mwenye watoto wengi kuliko mimi. Hakuulizwa, nilimuuliza mwenyewe kwenye ngazi.

Katikati ya hayo niliuza vitumbua, na nikauza kanga za mkopo zilizonigombanisha na nusu ya mtaa. Biashara ina watu wake.

Mali za lile shirika zilipopigwa mnada nilikwenda. Mashine yangu sikuiona, nikanunua ya idara ya manunuzi, pande la chuma ambalo mpagazi alilibeba akinitazama vibaya njia nzima. Nikaliweka barazani karibu na Mahakama ya Kisutu, meza ya kukodi na kiti cha mteja. Niliwakuta pale wapiga chapa wazoefu, wanaume watupu, wakaniita Mama Ofisi. Kazi yetu ilikuwa hati za kiapo, mikataba ya pango, maombi ya mirathi, malalamiko ya viwanja. Mteja wa namna hiyo haanzi na kesi. Anaanza na babu yake. Wenzangu walimkatisha, "Fupisha, mzee, ukurasa ni pesa." Mimi nilimwacha aseme huku penseli ikikimbia, kisha nikamsomea habari yake ikiwa imepangwa: nani alinunua, lini, mbele ya nani, nani amevamia. Mzee mmoja wa Kimara alinisikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akasema, "Hapo hapo, mwanangu. Hivyo hivyo." Akarudi na majirani zake. Pale ndipo nilipotambua kwamba shirika lilikuwa linanilipa kwa vidole, na barazani wananilipa kwa masikio.

Masikio hayo ndiyo yaliyonihamisha. Mtafiti mmoja wa afya alikuja kupigiwa chapa mkataba wa nyumba, akaniona nikichukua maelezo ya mteja, akauliza kama naweza kusikiliza kanda. Tafiti za UKIMWI zilikuwa nyingi miaka ile, na kila moja ilikuwa na kaseti zake: mahojiano marefu, ya kunukuliwa neno kwa neno, kikohozi na kicheko vikiwemo. Nikajaribu moja, nikapewa mfuko mzima.

Saa moja ya mazungumzo hula saa nne, tano, wakati mwingine zaidi. Majadiliano ya kikundi ndiyo balaa, maana wanawake wanane wakicheka kwa pamoja lazima ujue nani alianza na kwa neno gani. Mvua ikipiga bati inameza jibu lenyewe, inakuachia swali. Unasikia mama anajibu vizuri, ghafla sauti inashuka. Mbali kidogo kuna mtu anasema hodi, na mazungumzo yanageuka kuwa ya bei ya mchele. Mkwe amefika. Yote hayo unayaandika, kwa sababu anayesoma Muhimbili au Ulaya hakuwepo pale. Baada ya kanda nyingi nilizoea hata kiti: mtu akitaka kusema jambo zito, kwanza hukisogeza. Nilianza na kunukuu, nikaongeza kutafsiri, nikasoma jioni mpaka nikaweza kuandika ripoti kwa taratibu za watafiti. Kwenye fomu, penye "kazi yako", nikaacha kuandika katibu.

Sitaki kuipamba kazi hiyo. Mshahara wa mwisho wa mwezi sijauona tena tangu 1996. Malipo huja mradi ukishapitishwa, na kati ya mradi na mradi kulikuwa na miezi ya kurudi barazani nikiwa nimevaa uso wa mtu aliyepita kusalimia. Kaseti zikaisha, zikaja rekoda za kidijiti. Sasa zipo programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi, na mimi nalipwa kusahihisha zilichoandika, kwa malipo madogo kuliko ya kunukuu. Ni za haraka kweli. Mvua ya bati na watu wawili wanaosema kwa pamoja bado vinazishinda, nami sijui nizishukuru au nizinunie.

Kinacholipa umeme ni stesheneri yangu ya Magomeni. Vijana wanakuja na bahasha za vyeti vyao. "Shikamoo mama, naomba unifungulie akaunti ya Ajira Portal." Tunaskani vyeti, tunaingiza namba ya NIDA, tunahangaika na nywila iliyosahauliwa. Wasifu wa kununua, ule unaozunguka kwenye simu zao wote wakiwa "wachapakazi wanaoweza kufanya kazi chini ya shinikizo", mimi siupigi. Namuuliza kijana: umewahi kufanya nini kwa mikono yako? Ananijibu hana uzoefu. Tukizungumza kidogo inatokea alisimamia vibarua wa mjomba wake msimu mzima wa pamba huko Shinyanga, akiweka daftari la mizani na malipo. Tunaliandika hilo. Na waliopunguzwa kazini huwaambia wasisaini kitu kabla hawajasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: aliyestahili kiinua mgongo hapewi pungufu ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10, na usafiri wa kurudi alikoajiriwa.

Kuhusu majibu, serikali angalau hutangaza majina ya walioitwa kwenye usaili. Usipojiona, umejua, unageukia kwingine. Kwenye kampuni binafsi tangazo mara nyingi humalizia kwa onyo kwamba watakaojulishwa ni waliochaguliwa tu. Wengine wote wanabaki wakishika simu. Yupo binti mmoja jirani yangu, ana shahada ya ugavi, simu yake haizimi hata usiku wa manane kwa sababu ya kampuni aliyoiandikia kabla ya mfungo, na sasa tumekula Idi zote mbili.

Ninyi mnaoajiri, jibuni. Hakuna tena stempu wala dawa nyekundu ya stensili, na jina la mwombaji kompyuta inalijaza yenyewe. Andikeni mistari miwili tu: ombi lako tulilipokea, nafasi imeshapata mtu. Akiipata leo, kesho asubuhi ataomba kwingine.