Sauti ya Mwanangu Ilipobadilika

Mama mwenzangu, sisi wa Benaco tunazijua ngazi za uimbaji kanisani kama tunavyoyajua madarasa ya shule. Mtoto huanza katika kwaya ya Shule ya Jumapili. Akiisha kupata kipaimara huenda kwaya ya vijana, na huko hufundishwa kuimba kwa sauti nne, akifuata do-re-mi zilizoandikwa ubaoni. Akioa au kuolewa, kwaya kuu humpokea. Mimi niligundua kwamba katikati ya ngazi hizo pana shimo.

Mwanangu wa pili aliongoza sauti ya kwanza tangu akiwa na miaka 8. Alipofika miaka 14 sauti ikaanza kukwaruza: mara nzito, mara inaruka kama jogoo anayejifunza kuwika. Watoto wenzake wakamcheka. Kwaya ya vijana nayo ikamwambia angoje kwanza sauti itulie. Nami mama yake, badala ya kumtetea, nikasema, "Pumzika tu nyumbani, baba, utarudi."

Hakupumzika nyumbani. Malori yaendayo Rusumo huegesha hapa kwetu, na vijana huyaosha. Kuosha lori si dhambi, ni kazi. Lakini usiku mmoja alirudi saa nne akinuka pombe. Baba yake alitafuta fimbo. Mimi nililia.

Katika kulia kwangu nikakumbuka mwaka 1994, nikiwa msichana mdogo. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi wa Rwanda walivuka Rusumo, watu kama 250,000 kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Jioni tulisikia wakiimba. Hawakupangana kwa umri. Bibi, kijana na mtoto walisimama pamoja, na asiyeweza kupanda juu aliitikia chini.

Asubuhi nilimwendea mwalimu wa kwaya ya vijana. Nilimwambia, "Mwalimu, simwombei aongoze. Naomba asimame tu na wenzake." Alinyamaza kitambo, kisha akasema nimlete. Akampa ngoma, na noti tatu tu za besi. Nyimbo zikipita hapo, anyamaze. Akanieleza pia nisichokijua: kwamba koo la mvulana hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na jambo hilo huweza kuchukua miezi mingi. Kumlazimisha kupanda juu wakati huo humchosha, ila si lazima anyamazishwe kabisa. Laiti ningeuliza mapema!

Noti tatu zikawa tano, kisha nane. Malori bado huosha Jumamosi, kwa ruhusa yangu, na saa kumi huacha ndoo akaenda mazoezini. Baba yake hulalamika kwamba nyumbani sasa zimo besi mbili, na ya mtoto ndiyo nzito zaidi.