Hewa Isiyo na Harufu



Katika chuo cha ualimu tulizoezwa kujibu maswali. Kukiri kwamba jibu hatulijui, hilo tulilijifunza tukiwa tumekwisha kupita miaka hamsini.

Kijana mmoja wa kikundi chetu, anayejifunza kazi ya kuchomelea, alitujia jioni moja. Fundi wake alikuwa amenunua, kati ya vyuma chakavu, chombo kikuukuu cha kukatia umeme mkubwa, kile ambacho mafundi hukiita disjonkteri. Ili kupata shaba ya ndani, walifungua valvu yake pale uani. Upepo ukatoka ukivuma, kisha ukanyamaza. Hakuna aliyekohoa. Akatuuliza: «Mwalimu, ile ilikuwa hewa gani?» Tukamjibu upesi kwamba kisicho na harufu hakina madhara.

Usiku ule jibu letu lilitunyima usingizi. Asubuhi tukamwendea mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika vituo vya umeme. Alitusikiliza, akatikisa kichwa.

Hewa ile, alisema, huitwa sulfuri heksafloridi, kwa kifupi SF6. Huwekwa ndani ya vyombo hivyo kwa sababu huzuia umeme usiruke na huzima cheche kali mkondo unapokatwa. Haina rangi wala harufu. Lakini ni nzito kuliko hewa yetu karibu mara tano. Hivyo hutuama mashimoni na kuisukuma nje oksijeni, na mtu anayeshuka humo huweza kuzimia bila kuonywa na pua yake. Ndiyo maana fundi hupima oksijeni kwanza, na hufungua milango upepo upite.

Tena, cheche huivunja hewa hiyo na kuacha unga mweupe au wa kijivu unaochoma ngozi, macho na mapafu. Na ikiponyoka angani hudumu karne nyingi: kilo 1 huipasha dunia joto kama tani zaidi ya 20 za kaboni dioksidi. Mapatano ya Kyoto ya mwaka 1997 yaliitaja kati ya gesi za kupunguzwa. Kwa hiyo fundi mwaminifu haiachilii. Huinyonya kwa mashine hadi kwenye mitungi, kisha huipima mitungi kwa mizani, ili ajue kama kuna iliyopotea. Iliyokusanywa husafishwa, ikatumika tena.

Tulipousikia habari ya unga hatukungoja zaidi. Tulimkuta kijana wetu ameshika ufagio, chombo kimekwisha kupasuliwa, mikono yake mitupu. Tukamwambia: «Weka chini, mwanangu. Jana tulikujibu tusilolijua.» Mzee akaja nyuma yetu na glavu na kinyago, akakifunika chombo, akawataka wote wasikiguse mpaka watu wa umeme waitwe.

Kijana alipona, nasi twashukuru. Lakini ile iliyovuma uani hakuna awezaye kuirudisha. Itakuwapo hata wajukuu wa wajukuu wenu watakapozaliwa.

Basi, vijana, mkipewa chombo cha namna hiyo mkipasue, msikifungue. Ulizeni kwanza. Na mkituuliza sisi, tutawajibu polepole zaidi.